Vidole vya Nani

Sketi za shule zikiwa kwenye kamba ya karakana yetu, na upepo ukipita dirishani, huwa zinatembea. Hazina miguu lakini zinatembea. Zinageuka polepole, zinapishana, zinaguswa mabega na zile za nyuma. Cherehani yangu iko chini yake, karibu na ukuta. Vumbi la kitambaa cha bluu hushuka mpaka kwenye nyusi zangu, na mara nyingine sijui kama ni asubuhi au ni mchana.

"Kimya, umelala?" huniuliza Mama Fundi, mwenye karakana. Jina hilo amenipa yeye, na limenikaa.

"Silali, Mama."

"Basi pumua nisikie."

Jumatatu ile nilikuwa chini ya sketi hizo nilipomwona mdogo wangu mlangoni. Ilikuwa saa nne, wanafunzi wote wako darasani. Mdogo wangu yuko mwaka wa mwisho. Wenzake wanamwita Twiga kwa urefu wake, na yeye huitikia bila kinyongo. Alisimama na begi lake kifuani, na kwa kitambo nilidhani ni sketi mojawapo imeshuka kwenye kamba ikapata kichwa.

"Nimerudishwa," akasema. "Tuko kumi na mmoja."

"Mmefanya nini?"

"Sketi fupi."

Mama Fundi aliacha pasi. "Fupi? Sketi ya karakana hii? Njoo. Geuka. Geuka tena. Fupi wapi? Au wamekupima ukiwa juu ya mti?"

Twiga alitaka kucheka, ikashindikana. Akatueleza. Muhula huu shule imepata mwalimu mpya wa nidhamu, mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa, na wanafunzi hawakuchukua hata siku tatu kumwita Koleo. Aliyemtangulia alikuwa akiangalia kwa macho tu. Huyu anapima. Kanuni ya shule iko ubaoni kwenye lango, imeandikwa kwa rangi nyeupe: sketi ishuke vidole vinne chini ya goti. Koleo anainama langoni, anaweka vidole vyake vinne kwenye mguu wa msichana, na pindo la sketi lisipofika chini ya kidole cha mwisho, msichana anatoka nje.

"Vya baridi hivyo vidole," Twiga akasema. "Anakubonyeza kama anachagua nyanya. Ameanza na darasa letu. Wiki ijayo wengine."

"Na ninyi ndio wa mtihani," nikasema.

"Ndiyo, Dada. Ijumaa saa sita karatasi za usajili zinachukuliwa. Asiyeweka sahihi hafanyi mtihani. Tumeambiwa tuje na sketi ndefu na mzazi, tuombe msamaha, ndipo tuweke sahihi."

Nilitazama pindo lake. Ndani hakukuwa na kitambaa cha kufungulia, nilikuwa nimekifungua chote mwaka ule alipoanza kurefuka. Nikasema nitamshonea nyingine, leo hii. Alinitazama kama mtu anayetazama mtu ng'ambo ya maji.

"Sitaivaa," akasema. "Sketi yangu iko sawa na kanuni. Na wenzangu wamesema hivyo hivyo."

Nyumbani Mama yetu hakutaka maneno mengi. Anafua mashuka hospitalini, anarudi na vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni, na kitu anachopenda jioni ni kukaa kwenye kiti chake bila mtu kumwuliza jambo.

"Mshonee, avae, yaishe," aliniambia mimi, kana kwamba Twiga hayupo. "Shule ni yao. Wakisema ivuke kifundo cha mguu, tunavusha."

"Mama, tumewaandikia barua," Twiga akasema.

"Barua ya nini tena?"

"Ya swali moja tu. Kanuni inasema vidole vinne. Tumeuliza, vidole vya nani?"

Mama alifumba macho. Nikadhani amekasirika, kumbe tumbo lilikuwa linatikisika kwa kicheko. "Vidole vya nani," akarudia, akacheka bila sauti. Halafu akaacha kucheka. "Mwanangu, swali zuri halikupi cheti. Ijumaa ikipita imepita."

Niliishona sketi ile Jumanne, nikaichukulia kitambaa kirefu kupita kiasi, nikaiweka kitandani kwake ikiwa imepigwa pasi. Niliporudi kutoka bombani nilimkuta ameikunja vizuri, ameiweka juu ya sanduku langu.

"Dada, usininunie. Nikivaa hii nimesema wenzangu kumi ni waongo."

Nilifungua sanduku, nikaiweka sketi ndani. Mimi huwa sijui la kujibu. Niliacha shule darasa la tano, Mama alipougua, na tangu hapo Twiga ndiye anayesoma kwa niaba ya nyumba nzima. Anaposoma kwa sauti mimi hushona, na maneno yake huingia kwenye kitambaa pamoja na uzi. Kuna sketi nyingi mjini zimeshonwa na jiografia ndani. Asipofanya mtihani, nilikuwa nawaza, hata ile sauti itakoma.

Siku mbili zile, Jumanne na Jumatano, wale kumi na mmoja hawakukaa nyumbani. Walivaa sare, wakaenda kukaa nje ya ukuta wa shule, upande wenye kivuli, wakisoma. Mmoja alikuwa na chaki, wakawa wanaandika hesabu ukutani na kuzifuta kwa kiganja. Hawakupiga kelele. Mlinzi wa lango alitoka mara mbili kuwafukuza, mara ya tatu alitoka na kiti chake akakaa nao, akauliza ile hesabu ya pembetatu inakwendaje.

Alhamisi asubuhi Mama Fundi alinituma shuleni kupeleka fulana za michezo. Furushi lilikuwa kubwa kunizidi, nililibeba kichwani, na barabara nzima ilikuwa na ukungu mwepesi ambao haukuwa umeamua kuondoka. Nilipita mbele ya wale kumi na mmoja. Walinisalimu kwa pamoja, "Shikamoo, Dada," nami nikaitikia chini chini, nikaingia langoni.

Shule yote ilikuwa uwanjani, kwenye mistari. Mwalimu mkuu alikuwa anasoma matangazo. Koleo alikuwa amesimama kando yake, mikono nyuma. Nilisimama na furushi langu pembeni nikisubiri amalize. Ghafla msichana mmoja wa mstari wa mbele, mdogo kabisa, aliinua mkono, kimya, amekunja kidole gumba na kusimamisha vinne. Aliyemfuata akainua. Halafu mstari. Halafu mstari wa pili, na wavulana nao, mpaka nyuma kwenye ukungu ambako sura hazikuonekana tena, ila mikono tu. Mwalimu mkuu aliendelea kusoma kidogo, kisha sauti yake ikapungua yenyewe, ikaisha.

Nilitazama ile mikono. Sijawahi kuona mikono mingi hivyo ikiwa haifanyi kazi. Mingine ilikuwa minene na mifupi, mingine kama matawi, mwingine umefungwa bandeji, mwingine una wino. Vinne, vinne, vinne, na hakuna vinne vilivyolingana. Nikahisi uwanja unapanda polepole kama unga uliotiwa hamira, na mimi ndani yake. Nikashusha mkono mmoja kutoka kwenye furushi nikautazama wangu.

Hapo ndipo nilipojua.

Karakana yetu ina utaratibu wake, na Mama Fundi alinifundisha tangu siku ya kwanza. Kiunoni mpaka gotini unapima kwa futi, ile ya kitambaa inayoning'inia shingoni. Ukifika gotini unaiacha futi, unalaza vidole vinne kwenye kitambaa, unapiga chaki. "Kanuni imesema vidole, nasi tunaweka vidole," alikuwa akisema, na alijivunia jambo hilo, kwamba sketi zake zinafuata kanuni kwa neno lake. Vidole vyake ni vinene, vya mtu aliyekanda na kushona maisha yote. Lakini miaka mitatu iliyopita viungo vya mkono wake vilianza kuvimba na kukataa kunyooka. Akaniachia mimi kukata. Nikalaza mkono wangu. Sikuwahi kufikiri. Mkono wangu ndio mkono niliokuwa nao.

Na mkono wangu ni mwembamba. Nimevaa pete ya mtoto mpaka leo.

Miaka mitatu ya sketi. Nililiacha furushi kwa mlinzi, nikafika karakana sijui nimepita njia gani. Mama Fundi alikuwa anatafuta miwani yake, na miwani ilikuwa kichwani kwake.

"Mama," nikasema. "Sketi ni fupi kweli."

"Zipi?"

"Zote. Zangu."

Nilimwomba mkono wake. Nikaulaza mezani kadiri ulivyokubali kulala, nikalaza wangu pembeni. Alitazama. Akashusha miwani kutoka kichwani, akaivaa, akatazama tena.

"Ala! Kwa hiyo miaka mitatu umekuwa ukinikatia kwa miguu ya kuku?"

"Nisamehe, Mama."

"Ningekuona, ungesamehewa siku ile ile. Sasa nakusameheje, sketi zimeshazaa wajukuu?" Akaketi. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akausugua ule mkono wake uliovimba kwa ule mzima. "Na mimi sikuangalia. Nilikuona unalaza vidole, moyo wangu ukatulia. Nani anajua jambo hili?"

"Sisi wawili."

"Basi kesho watajua wengine. Utakwenda useme."

"Mimi?" Nikarudi nyuma hatua moja. "Mama, mimi kusema shikamoo tu kunanichosha. Nenda wewe."

"Nikienda mimi nitawaonyesha mkono upi, huu ulioiva kama kiazi? Mkono uliokata ni wako."

Ijumaa Mama hakuruhusiwa kutoka kazini. Akaniambia nisimame mahali pake, akanipa kitambaa chake kizuri cha kichwani. Njiani Twiga alitembea mbele, amevaa ile ile sketi yake fupi, wenzake kumi wakatufuata. Nilikuwa nimepanga tangu alfajiri nimwambie habari ya mkono wangu. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya tatu akageuka.

"Nini, Dada?"

"Hakuna. Kola yako."

Nikainyoosha kola ambayo ilikuwa imenyooka.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na dirisha kubwa, na mwanga ulioingia ulikuwa mzito na wa njano, vumbi la chaki likielea ndani yake bila haraka. Mezani kulikuwa na karatasi za usajili, rundo nadhifu, na kikombe cha chai kilichopoa. Nje, chini ya dirisha, mtu wa ofisi ya elimu alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake akisubiri, anapiga miayo. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika ishirini kufika saa sita.

Wale kumi walibaki barazani. Ndani tulikuwa mwalimu mkuu, Koleo, karani wa shule, Twiga na mimi.

"Wewe ni nani wake?" mwalimu mkuu akaniuliza.

"Dada yake."

"Sikusikia."

"Dada yake," Twiga akasema. "Mama yuko kazini."

"Haya. Mimi sina ugomvi na mtu." Alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka tangu jana. "Mtoto aombe msamaha, Jumatatu aje na sketi ndefu, aweke sahihi hapa. Na wenzake vivyo hivyo. Dakika tano tumemaliza."

"Mwalimu, tuliuliza swali," Twiga akasema.

"Vidole ni vidole!" Koleo akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyotarajia. "Hata mtoto wa chekechea anajua vidole. Kama sketi zenu zingekuwa za heshima msingeuliza vya nani."

"Tungeuliza, Mwalimu. Mnatushika miguu langoni watu wakipita."

"Naona unajibu."

"Nimeulizwa."

"Twiga," nikasema.

Wote walinigeukia. Nikaona midomo yao ikitembea lakini sikusikia kitu, masikio yangu yalikuwa kama yamejaa pamba. Maneno niliyoyapanga yalikuwa yameondoka yote, hata moja halikubaki kunisubiri. Nilikuwa na mkono tu. Nikasogea mezani, nikausogeza kando wino wa karani, nikaulaza mkono wangu juu ya karatasi nyeupe, vidole vinne vimebanana, gumba nje, kama ninavyofanya kila siku juu ya kitambaa.

"Mimi ndiye niliyezikata," nikasema. "Kwa huu."

Mwalimu mkuu aliinama akautazama mkono wangu kama anasoma barua. Kisha, sijui kwa nini, akalaza wake pembeni. Ulikuwa mpana, wenye mvi kwenye vinyweleo. Karani akacheka kidogo, akaweka wake, kucha zimepakwa rangi nyekundu. Mikono mitatu juu ya karatasi moja, ndani ya mwanga ule wa njano. Koleo alikuwa bado ameikunja yake kifuani.

"Mwalimu," mwalimu mkuu akamwambia.

Alisita. Ndipo akaushusha mkono wake, taratibu. Ulinifunika mimi na nusu yangu tena. Vidole vyake vinne vilifika mahali ambapo vyangu vingehitaji kuwa sita.

"Kwa hiyo kosa ni la fundi," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Ni langu. Si lao. Wao walivaa walichopewa."

"Hapana!" Twiga akanishika bega. Alikuwa na machozi, na alikuwa amekasirika, na alikuwa amenikasirikia mimi. "Dada, usilibebe. Hukukosea. Walisema vidole, ukaweka vidole. Wangesema namba ungeweka namba!"

"Nilipaswa kuuliza."

"Sisi tumeuliza! Tukafukuzwa!"

Huko nje mtu wa pikipiki aligonga kioo kwa ufunguo, akaonyesha saa yake. Mwalimu mkuu hakumwangalia. Alikuwa bado anaitazama ile mikono minne, ambayo hakuna aliyekuwa ameiondoa.

"Miaka kumi na saba nimeupita ule ubao wa langoni," akasema, kama anaongea na kikombe cha chai. "Una futi, binti?"

Ilikuwa shingoni. Huwa siivui, nilikuwa hata sijui kama nimekuja nayo.

"Nipime mimi kwanza," Koleo akasema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikailaza futi kukatiza vidole vyake vinne vya baridi.

"Sentimita tisa na nusu," nikasema.

"Nilipokuwa shule," akasema kwa sauti ambayo nadhani mimi peke yangu niliisikia, "walikuwa wananiita Jembe."

Nikajipima. Sita na robo. Karani akaandika zote mbili, tisa na nusu, sita na robo, moja juu ya nyingine, na hakuna aliyejua aandike nini chini yake.

"Bodi itakaa itupe namba," mwalimu mkuu akasema. "Mpaka hapo karakana yenu isikate sketi hata moja. Na mpaka hapo hakuna kupima mtu langoni. Umenisikia, Mwalimu? Bodi ikishasema, tutapima kwa futi, ndani, na mpimaji asiguse mguu wa mtu."

"Na heshima?" Koleo akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyepoteza kitu chumbani.

Mwalimu mkuu alisogeza rundo la karatasi upande wa Twiga, akatoa kalamu mfukoni. "Sahihi. Hapa na hapa. Kisha waite wenzako, mmoja mmoja, na msikimbie."

Walikimbia. Waliingia wakiwa wanasukumana, wakainama mezani mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipoandika jina lake alilipuliza wino ukauke. Wa mwisho aliandika huku mtu wa pikipiki amesimama mlangoni amenyoosha mkono. Kengele ya saa sita ilipogonga, karatasi zilikuwa tayari kwenye mkoba wake. Twiga alinipita mlangoni bila kunitazama. Alikuwa bado amenikasirikia, na nadhani alikuwa na haki. Nikawaza nitamwambiaje Mama Fundi kwamba leo hatukati, na kesho hatukati.

Niliwafuata mpaka kwenye ujia wa madarasa. Sikuwa na kazi huko, lakini hakuna aliyenizuia, na miguu yangu ilitembea kwa wepesi ambao haukuwa wa kwangu. Darasa lao lilikuwa la mwisho. Nikasimama nje, mgongo ukutani, mahali ambapo wasingeniona. Viti vilikwaruza sakafu. Mwalimu wa somo alifungua daftari la mahudhurio, akaanza kuita majina, polepole, na kila jina lilikuwa na mtu. Akafika kwenye jina la mdogo wangu, lile la kweli, ambalo sijalisikia likiitwa na mtu mwingine kwa siku nyingi. Nikaishika futi kwa mikono miwili.

"Nipo, Mwalimu," akasema.